Pipa la Sabina Nililolihamishia Jikoni

Mwaka ule mahindi yaliharibika shambani, tukala ugali wa muhogo na dagaa wa Kirando mpaka watoto wakawa wananuna wakiona sufuria inabandikwa, ndio mwaka nilioaibika mimi, bibi mzima, mbele ya wageni, na nawasimulia mwenyewe kabla majirani hawajawahi.

Ulezi ulikubali, kwa hiyo mjukuu wangu Sabina akapika pombe. Huyo mtoto ana mikono (kairithi kwangu, msibishe). Akaitia kwenye pipa la chuma lenye bomba, akaongeza sukari kidogo, akalifunga, akaliweka stoo na magunia mabichi juu, akasema lisisogezwe, pombe itulie kwenye baridi, machicha yakae chini. Mama Restituta wa Mazwi alikuwa anamwoza mwanawe, angekuja kuonja, na akipendezwa basi Sabina ndiye angepika pombe yote ya harusi.

Siku ya wageni Sabina akaenda misa, mimi nikaligusa pipa, baridi kama maiti! Pombe yangu tangu naolewa nailaza karibu na moto, na baridi ya Ufipa mnaijua. Nikalibiringisha mpaka jikoni, nikaliegemeza mafiga, nikalifunika blanketi langu, nikajisifu.

Sabina akarudi ameongozana na Mama Restituta na dada zake, na mimi kwa kiherehere nikawakaribisha jikoni, nikafungua bomba kabla mtoto hajasema neno. Likatema povu kama mbwa mwenye kichaa. Nikaziba kwa kiganja, povu likamrukia Mama Restituta kilemba na macho, nikavua kanga nizibe vizuri, nikabaki na gagulo lenye kiraka (kiraka chenyewe nyuma).

Mama Restituta akajifuta, akalamba kidole, akasema mbona tamu, akakinga kikombe apewe iliyobaki. Sabina akaitazama, imevurugika kama maji ya kuoshea vyombo.

“Hii siwapi, mama. Haijatulia.”

Nikamvuta mkono, nikamwambia ampe tu, la sivyo harusi itaenda kwa mwingine. Mimi ningempa, nawaambia kweli, ningempa na machicha yake. Pipa lile siligusi tena, hata stoo ikiungua nitaita watu. Mama Restituta akakinga kikombe mara ya pili, akasema akinyimwa hapa anakwenda kuonja kwingine. Sabina akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti kwa adabu, akakiweka chini kikiwa kitupu.

“Hii siwapi, mama. Haijatulia.”