Kitufe Kinachosubiri

Shangazi yangu ni mfasiri, na usithubutu kumwambia kwamba hiyo ni kazi ya kukaa tu. Kwa miaka ishirini na sita ametumia programu ileile ya kuandikia ya mfumo wa Linux, ya maandishi matupu, ambayo karibu kila amri yake inataka vitufe viwili kwa pamoja: mkono wa kushoto unashikilia Ctrl, wa kulia unabonyeza herufi. Ndiye aliyenifundisha kompyuta, akinichapa vidole kwa rula nikizubaa.

Kisha kiharusi kikaulaza mkono wake wa kushoto. Kitabu cha wakunga alichokuwa akikifasiri kilikuwa kimebakiza sura mbili, na mchapishaji alishaanza kuuliza kwa upole ule wa watu wanaokupa pole huku wakikunyang'anya kazi.

"Nipe Jumamosi moja," nikamwambia. Mimi ni fundi wa kompyuta, na kiherehere ninacho. Nikawasha mpangilio wa vitufe vya kusubiri: unabonyeza Ctrl, unaiachia, nayo inaingoja herufi. Kidole kimoja kinatosha.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Ngoja tuwaumbue."

Nikamwonyesha harakaharaka jinsi ya kuhifadhi faili, Ctrl na x, kisha Ctrl na s, nikampisha. Akabonyeza Ctrl, akaachia, akabonyeza x. Ctrl tena, akaachia, kisha s. Faili haikuhifadhiwa. Katikati ya sentensi ikaingia "xs". Nikamwonyesha tena. Akajaribu, "xs" nyingine. Mara ya tatu, vilevile. Nami, Mungu anisamehe, nikaguna, "Shangazi, si ndivyo nilivyokuonyesha."

Akautazama mkono wake wa kulia. "Na huu nao umeanza," akasema taratibu. "Mwambie mchapishaji ampe mtu mwingine."

Akaenda jikoni. Nilitaka kulia, ila nikajikaza kisabuni, nikasoma maelezo ya ule mpangilio mstari kwa mstari, jambo ambalo wajuaji wenzangu hulifanya mwisho. Kumbe mtu akibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mpangilio unajizima, maana kompyuta inadhani ameketi mwenye mikono miwili. Kila nilipomwonyesha, mikono yangu ilibonyeza vyote viwili kwa mazoea na kuuzima. Yeye alifanya sawasawa mara zote tatu.

Nikaiondoa kanuni hiyo, nikauwasha mpangilio upya, nikamfuata jikoni, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinisikiliza akikausha kikombe alichokibana kati ya tumbo na sinki.

"Kwa hiyo mkono wangu mzima?"

"Mzima, Shangazi."

Akarudi mezani, akanionyesha kiti cha pembeni. "Ukalie huo mkono wako wa kushoto, mama. Siuamini."

Nikaukalia. Akabonyeza Ctrl, x, Ctrl, s. Chini ya skrini pakaandikwa kwamba faili imehifadhiwa. Akajipangusa macho kwa kiganja, akafungua sura iliyofuata, akaanza kazi. Mkono wangu ukafa ganzi pale chini, na sikuutoa.