Tuta la Kaburi la Deogratias

Asubuhi moja ya Januari 1998, Fridolin Lukelo alichomoa fimbo aliyokuwa ameisimika ukingoni mwa maji, akaisimika upya hatua chache karibu zaidi na msalaba wa kaburi. Mkewe, Yosefina, alimwangalia. Mvua haikuwa na dalili ya kukatika.

Lukelo ni mkulima wa mpunga wa Idete. Mwanawe, Deogratias, amelala katika shamba hilo la bondeni tangu Juni 1996. Aliingia jeshini akiwa kijana wa miaka ishirini, akaugua homa kambini mwaka wake wa pili, akafa. Wenzake walimleta kwa gari, jeneza likiwa limefunikwa bendera. Wazee wa ukoo walitaka azikwe makaburini, huko juu kijijini. Baba alikataa. Alitaka mwanawe awe penye dungu, jukwaa la miti ambalo kijana huyo alikuwa akilipanda tangu utotoni kufukuza ndege. Askari walipopiga risasi za heshima, kundi zima la kwelea liliruka kutoka kwenye mpunga ulioiva.

"Mnaona?" Lukelo aliwaambia waombolezaji. "Bado anafukuza."

Sasa maji ya mto yalikuwa yanakuja. Majirani walikwisha kuhama. Yosefina naye alikuwa amefunga mizigo ya kwenda Lipangalala kwa dada yake.

"Sikusema mimi?" aliuliza.

"Ulisema."

"Nilisema mwaka wa mafuriko mtoto atalala majini."

Lukelo aliyatazama maji. Kulala majini hakukumtisha sana. Alichoogopa ni jeneza kuibuka na kwenda na mto, na hilo hakuthubutu kulitamka mbele ya mama yake Deogratias. Aliwahi kuulizia habari za kulihamisha kaburi, akaambiwa kibali kinatoka wilayani. Barabara ya wilayani ilikuwa imekatika.

Mchana alipita Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma, ambaye walikuwa wamegombana naye msimu uliopita kwa sababu ya ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ng'ombe wako wapi leo? Hawaji kula mpunga wangu?"

"Wamekimbilia mlimani. Wana akili kuliko wewe." Nkwabi akalitazama kaburi. "Mbona hujalizungushia tuta?"

"Sisi hatulimi majaruba ya matuta kama ninyi Wasukuma."

"Najua. Mnamwaga mbegu, mnamwachia Mungu."

"Jaruba ni la kuweka maji ndani, Nkwabi. Mimi nataka yakae nje."

"Tuta ni lile lile, mzee. Lete jembe."

Walikata mabonge ya udongo wa mfinyanzi, wakayapanga kulizunguka kaburi, wakayashindilia kwa miguu. Yosefina alifungua mzigo wake, akatoa jembe la pili.

"Kijana alikuwa mtu wa namna gani?" Nkwabi alimuuliza.

"Mvivu wa kuamka. Kila siku nammwagia maji. Alipokuja likizo akaamka alfajiri mwenyewe, akatandika kitanda. Nililia. Nikasema wameniharibia mtoto."

Nkwabi alicheka. Yosefina naye akacheka, kisha akainama na kuendelea kulima.

Jioni maji yalifika kwenye tuta. Yosefina hakwenda Lipangalala. Walikaa kwenye dungu wakiangalia chini, na kila maji yalipojipenyeza ndani Lukelo alishuka kuyachota kwa sufuria. Siku ya pili kona ya upande wa mto ilibomoka. Alisimama kwenye pengo hilo, maji yakimfika kiunoni, huku mkewe akimpa mabonge, mpaka likaziba.

Maji yaliporudi mtoni, kaburi lilikuwa limetitia na msalaba umeinama. Jeneza lilikuwa bado chini.

Kibali cha kulihamisha hawakukiomba tena. Novemba iliyopita mawingu yalipoanza kukusanyika, kabla hata ya kutayarisha mbegu, Yosefina alimpa mumewe jembe.

"Nenda kaangalie kona ile," alisema.

Lukelo alikuwa amekwisha kuiangalia asubuhi. Akalipokea jembe, akaenda tena.