Matanga ya Filamu Kule Murera

Siku yangu ya kwanza kwenye filamu niliripoti mtaa wa Landless nikiwa nimepiga pasi mpaka soksi, nikifikiri nitapewa kamera. Dairekta akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe ni wa propu." Propu ni vile vitu vyote waigizaji wanashika: vikombe, maua, sumu ya panya. Kazi yangu ilikuwa kuvibeba. Sikujali, bora nilikuwa nimeingia.

Nawaandikia nyinyi mnaotamani kazi hii. Mimi nilistaafu baada ya filamu moja, na sijafika hata miaka thelathini, lakini kustaafu ni kustaafu.

Hadithi ilikuwa ya mrembo mmoja, Shiku, anayezungusha wanaume watatu: mwenye bucha, fundi wa mabomba na ajenti wa mashamba. Kila mmoja anaambiwa wale wengine ni binamu. Mwishowe wawili wanamtilia wa bucha sumu, halafu wanakuja matangani, kila mmoja akijua Shiku, aliyebaki mjane, ni wake. Nilielezwa ni ya kuchekesha. Shida ni kwamba filamu haipigwi kwa mpangilio. Landless tulimuua wa bucha, ndipo tukaenda hoteli moja Ruiru kumfanya apendane na Shiku. Kwa hivyo nilikuwa nampelekea marehemu maua. Nikamuuliza Prodyuza, yule mama mwenye kugharamia, "Sasa Shiku anampenda nani?"

"Wewe beba maua," akasema.

Shiku aliigizwa na Njeri, msichana mpole anayeuza vipodozi Ruiru. Marehemu wa bucha aliigizwa na Kamau. Huyo hakuwa amewaambia kwao. "Maitu anajua niko kwa kazi ya mjengo," aliniambia, akimaanisha mama yake. "Akisikia naigiza atalia, na ana mimi peke yangu."

Kituo cha mwisho kilikuwa Murera, kupiga tukio la matanga. Nilisimamisha hema, nikaleta jeneza, na Dairekta akaniamuru nifunge picha ya Kamau kwa nguzo ya stima pale njia inakata, na mshale wa kuelekeza, vile watu hufanya wakifiwa. Kwetu mtu akiona picha kama hiyo hapiti tu. Kabla hatujapiga teki ya pili, yaani kurudia tukio, majirani walikuwa wameingia na sukari na majani ya chai, wamekalia viti vyetu, wanaimba.

Dairekta akafurahi sana. "Ekstra wa bure, wa kutujazia matanga! Msiwaambie kitu!"

Mmoja wao alikuwa anamjua Kamau. Akapiga simu.

Mama Kamau alikuja kwa boda, kitambaa cha kichwa kimeangukia mabegani. Kamau alikuwa kwa jeneza, macho amefumba. Lakini mama alimfikia Njeri kwanza, na yale mavazi yake meusi ya mjane, akamkumbatia.

"Woi, mwana wakwa, mwanangu, mbona alikuficha? Si angekuleta nikuone? Nyamaza. Utakaa kwangu."

Nilisimama na thamosi nikijiuliza kama hii iko kwa script. Njeri naye hakujua. Akalia kweli.

Ndipo marehemu akaketi. "Maitu! Ni filamu!"

Viti vikabaki bila watu. Mama alimzaba kofi, akamshika uso na mikono yote miwili, akamwangalia weee. Halafu akamgeukia Njeri.

"Na huyu? Huyu pia ni wa filamu?"

Nyuma yangu nikasikia Dairekta akimnong'oneza mtu wa kamera, "Usizime."

Nilimwambia Dairekta hayo machozi si propu. Akasema, "Kijana, hiyo ndiyo filamu yote." Kamau akataka sehemu hiyo ifutwe, wakabishana mpaka Prodyuza akaamua mama aulizwe mwenyewe. Mama akamaliza chai yake kwanza.

"Iacheni. Siku nikienda, huyu kijana wangu abaki akiona vile nilimlilia."

Nilistaafu hapo hapo. Sasa nasaidia shangazi kupika chapati Makongeni, na nikipata nafasi naandika filamu yangu, ambayo ndani yake hakuna mtu anakufa. Bado sijui itachekesha vipi.

Ile yetu ilionyeshwa ukumbi mmoja hapa Makongeni. Mama Kamau alikuja na rinda la kanisa, amekaa na Njeri. Ilipofika pale kwa jeneza, ukumbi wote ukaangua kicheko. Nikacheka, nikajisikia vibaya, nikacheka tena. Mama akasimama mbele ya watu wote.

"Chekeni tu," akasema, "lakini hapo nalia kweli."

Watu wakadhani hiyo pia ni ya filamu. Wakampigia makofi.