Toa Magazini Kwanza

Shangazi yangu, dada wa pekee wa baba, si mtu wa kusahau. Kwa miaka tisa alimwekea sajini mmoja wa trafiki kinyongo, akakitunza vizuri kuliko anavyotunza bastola zake, na bastola zake zinang'aa.

Kazi yake ni kufundisha kulenga shabaha. Kila anayeomba leseni ya silaha hupita kwenye meza yake, na somo la kwanza ni namna ya kukagua bastola. Unatoa magazini, lile kasha la risasi, ndipo unakoki, yaani unavuta sehemu ya juu ya bastola kwa nyuma, ili risasi iliyobaki kwenye chemba idondoke, ndipo unachungulia. Ukianza kukoki, inadondoka moja na magazini inapandisha nyingine, kisha unatoa magazini ukiamini bastola iko tupu.

Sajini ndivyo alivyofanya. Alimsimamisha baba barabarani mchana kweupe, akaona ana leseni ya silaha, akataka kuikagua bastola yake.

"Afande, ina risasi," baba alimwambia.

"Unanifundisha kazi?"

Akakoki, akatoa magazini, akasema iko tupu, akaielekeza chini, upande aliosimama baba, na kufyatua ili kuthibitisha. Risasi ikavunja goti la baba. Kwenye ripoti akaandika kwamba mwenye silaha alijipiga kwa uzembe wake. Leseni ikafutwa, udereva wa lori ukaishia hapo. Nimeisoma ripoti hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma mkono unaniwasha.

Mwaka huu ikatoka amri kwamba askari wote wanaokagua silaha za raia barabarani wafanye mtihani kwa shangazi. Mimi ni karani wake. Nilipoona jina la sajini kwenye orodha nilimpelekea shangazi karatasi. Akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena.

"Mweke wa mwisho," akasema. "Wenzake wote wawe wameketi."

Siku ya mtihani aliijaza bastola risasi za mazoezi, za plastiki zisizo na baruti, zilizopakwa rangi ya shaba. Baba tulimweka mlangoni na fimbo yake. Sajini akampita bila hata kumtambua, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Kagua," shangazi akamwambia.

Akakoki. Risasi moja ikadondoka mezani. Akatoa magazini.

"Iko tupu, mwalimu."

"Una hakika?"

"Nina miaka ishirini kazini, mama."

"Basi ielekeze kwenye goti lako, ufyatue."

Askari wenzake wakaacha kuchezea simu. Sajini akatazama huku na huku, macho yakamwangukia baba, yakashuka hadi kwenye fimbo.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini? Si tupu?"

"Huenda imebaki moja."

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawakusikii."

"Imebaki moja. Nimeanza kukoki."

"Leo, au siku ile?"

Akainama. "Siku zote mbili."

Niliandika kila neno, akatia sahihi mbele ya wenzake, na nakala ikaenda kwa mkuu wake jioni hiyo hiyo. Kwenye fomu ya sajini, shangazi akagonga mhuri wa kushindwa, akaugonga mara ya pili bila sababu.

Baba alipomuuliza kama sasa roho yake imetulia, alikuwa anafuta ile bastola.

"Nusu," akasema. "Nusu nyingine nitaipata mwakani, akirudi kurudia mtihani."