Gitaa Lililovuma Wakati wa Adhana

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilinunua gitaa la umeme kwa fundi wa redio pale Majengo, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Kitufe cha sauti kilikuwa kimekwama, na kila nilipoondoa mkono kwenye nyuzi, spika ilivuma kama mzinga wa nyuki. Nikazoea kutouondoa.

Kikundi kimoja cha taarab cha Mji wa Kale kilinijaribu kwenye harusi, alasiri. Nikipiga vizuri, ningebaki nao. Katikati ya wimbo tukasikia adhana. Sote tukanyamaza, wanawake wakajitanda leso vichwani, nami kwa adabu nikaweka mikono mapajani. Spika ikavuma, ikamfunika muadhini.

"We kijana, wanyamazishe nyuki wako!" bibi mmoja akasema. Hakuna aliyecheka.

Nilirudisha mkono, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Tulipokuwa tukikunja nyaya, kiongozi wetu alinishika bega. "Mwanangu, unapiga vizuri. Lakini nyumba hii haitatuita tena."

Na yeye hakuniita tena.

Nimehama miji mingi tangu siku hiyo. Hadi leo, adhana ikinikuta na gitaa, mkono wangu hubaki kwenye nyuzi.