Chelang'at na Meza ya Majani

Iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo huwa inanirudia nikiwa nafunga zizi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne majuzi tu, na baba yangu alinipa kikapu nikachume majani chai pamoja na wengine. Wasichana wa jirani walikuwa mstari wa pili. Nilitaka kikapu changu kijae kabla ya vyao, basi nikaacha kuchuma majani mawili na chipukizi kama nilivyofundishwa tangu utotoni. Nikakwanyua kila kitu: majani makavu, mashina, matawi. Kikajaa hadi kikafura.

Tulipofika kituo cha majani, baba alikimwaga mezani, pale ambapo kila mkulima huchambua majani yake kabla ya kupima. Karani akacheka kwa sauti.

"Mzee, huyu msomi wako ametuletea chakula cha ng'ombe!"

Watu wote wakageuka. Nilitamani ardhi inifiche. Baba akasema, "Karani, kosa ni langu. Nilimwambia aharakishe, sikumwambia achume nini." Haikuwa kweli, na kila mtu pale alijua. Kisha akainama kando yangu tukachambua pamoja, jani kwa jani, mpaka meza ikawa safi. Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponigombeza: "Ulikuwa unamchumia nani, wewe? Kiwanda, au wale wasichana?"

Mwanangu, maana nakuita hivyo ingawa sikukuzaa mimi, umeniuliza kama kazi ya kutengeneza tovuti imekuwa ngumu kupita uwezo wa watu wanaoifanya. Unasema umekaa na kompyuta muda mrefu na unahisi wewe ndiye mjinga. Mimi si mtu wa kompyuta. Lakini nina binti aliyekuwa mtu wa kompyuta, na nitakuambia nilivyomfanyia.

Chelang'at alirudi nyumbani kutoka chuoni wakati mimi ni mwenyekiti wa kituo chetu, hapa juu kidogo ya Kiptere. Aliona jinsi wakulima walivyokuwa wanachoka kungojea lori la majani bila kujua kama litakuja. Unajua majani yakishachumwa hayalali. Yakishinda kwenye gunia yanapata joto, yanageuka mekundu, na kiwanda hakiyataki. Basi akatengeneza tovuti. Ilikuwa ukurasa mmoja mweupe wenye maandishi meusi: lori litapita saa ngapi, na kama limechelewa. Lori likichelewa, karani alimpigia simu, naye akabadilisha mstari mmoja. Ilifunguka kwa simu yoyote, hata ile iliyopasuka kioo, hata kule bondeni ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Ilikuwa inafanya kazi. Hilo ndilo linaloniuma.

Siku moja nikaenda mkutano wa wenyeviti, na mwenzangu mmoja akanionyesha tovuti ya kituo chao. Picha za mashamba zilikuwa zinateleza zenyewe, maandishi yanaingia kutoka pembeni. Nikaona haya kutoa simu yangu mfukoni. Nilipofika nyumbani nilimwambia Chelang'at, "Yako inafanana na tangazo la mazishi."

Alicheka. "Baba, mkulima anatafuta lori, hatafuti sinema."

"Nilikusomesha miaka yote hiyo uje uniandikie karatasi?"

Hapo hakucheka tena. Akaenda akajenga upya, kwa kutumia kile wanachokiita fremuweki. Alinieleza kwamba ni kama nyumba inayokuja ikiwa nusu imeshajengwa, wewe unamalizia vyumba. Lakini hakuwa na furaha. Jioni moja, tukinywa chai, alisema, "Baba, mimi nimeandika kidogo tu, lakini imekuja na mafaili ambayo siwezi kuyasoma yote hata nikizeeka. Kipande hiki kinategemea kile, na kile kimeandikwa na mtu nisiyemjua. Watu wengi wakiwa ofisi moja wanaweza kuchunga kitu kama hiki. Mimi niko peke yangu."

"Si ndiyo maendeleo?" nikamjibu. Hata sikuweka kikombe chini.

Tulipoizindua nilitoa hotuba ndefu. Watu wakapiga makofi, kisha wakapanda juu ya mwinuko kutafuta mtandao, maana sasa ilikuwa nzito.

Halafu mvua zikanyesha vizuri, majani yakawa mengi. Alfajiri moja karani akapiga simu: lori limeharibika, leo watu wasichume. Chelang'at akaketi kuweka tangazo. Lakini kwa tovuti ile mpya, kubadilisha mstari mmoja kulitaka yote ijengwe tena, na kipande kimoja kilikuwa kimebadilishwa na yule aliyekiandika, huko aliko, na vipande vingine vikakataa kukaa nacho. Ukurasa ukafunguka mweupe mtupu. Akarekebisha hapa, pakavunjika pale. Tulijaribu kupiga simu, tukawafikia wachache. Wengine walikuwa wameshaingia shambani.

Mchana kituo kilijaa magunia. Mama Moraa, aliyekuja huku kutoka Kisii akiwa bibi harusi na sasa ni mjane, alikuwa ameajiri wachumaji siku hiyo. Aliingiza mkono kwenye gunia lake, akautoa haraka kwa sababu ya joto.

"Chelang'at, mama, umetufanyia nini? Ile ya kwanza nilikuwa naifungua nikiwa na mwiko mkononi!"

"Hicho cheti alikinunua!" mtu akapaza sauti nyuma, na wakacheka wale waliokuwa na nguvu ya kucheka.

Binti yangu akanitazama. Alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile, na alikuwa anangoja sentensi moja tu kutoka kwangu. Nami nikasema, "Wakulima, poleni. Nitatafuta mtu anayeijua hii kazi."

Alifunga kompyuta yake akaondoka kwa miguu.

Leo anauza dawa za mifugo katika duka huko Siongiroi. Akipiga simu ananisalimia kwa heshima, ananiuliza habari ya mgongo wangu. Mwaka uliopita nilimsihi aturudishie ule ukurasa mweupe. Akaniambia taratibu, "Baba, mimi sikuijua hiyo kazi. Wewe mwenyewe ulisema." Nilieleza ukweli wote mbele ya mkutano wa wakulima, Mama Moraa akaitikia kwa kichwa, lakini Chelang'at hakuwepo, na yale ya kumwaibisha niliyasema akiwepo. Karani sasa anaandika saa za lori kwa chaki mlangoni pa kituo. Wanaotoka mbali bado wanafika na majani yao bure.

Basi nisikilize, mwanangu. Usidhani wewe ni mjinga kwa sababu kifaa ni kikubwa. Vingine vilijengwa kwa ajili ya majumba makubwa yenye watu wengi, na vinawafaa hao. Kabla hujakibeba, jiulize nani atafungua simu yake asubuhi, na kama utaweza kukitengeneza peke yako kikikataa. Kama ukurasa mmoja mweupe unatosha, uache uwe ukurasa mmoja mweupe, hata mwenyekiti akuone huna akili. Na ukija kuwa wewe mwenyekiti, ukaagiza kitu kikaharibika, usimwache kijana peke yake mezani. Baba yangu alinionyesha hilo kwa macho yangu, nami siku yangu ilipofika nikatazama magunia.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na akupe akili tulivu. Na siku kikapu chako kitakapomwagwa mbele ya watu, akuletee mtu wa kuinama kando yako achambue pamoja nawe.