Vifungo Viwili na Zamu ya Hina

Hebu sogea hapa karibu, nikuanzie na harufu, mengine yatafuata. Ni harufu ya hina mbichi iliyokorogwa kwa maji ya ndimu na matone ya mafuta ya karafuu, harufu kali inayopanda puani na kukaa kwenye nguo siku tatu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi, harufu hiyo ilitoka nyumbani kwa Bi Maimuna, jirani yetu katika kichochoro nyuma ya Ndia Kuu, kwenye mji wa kale wa pwani. Wanawake wazima walikuwa na siku yao. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani ilikuwa yetu sisi wasichana watatu wa kichochoro, ili mwezi ukiandama usitukute na viganja vitupu. Bi Maimuna alianza asubuhi, macho yakiwa maangavu na mkono mwepesi, na aliyeketi mkekani kwanza alipata maua na majani mpaka kwenye kiwiko, yamezungushwa kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Kufikia alasiri mgongo ulikuwa unamuuma na futari inamngoja jikoni, basi wa mwisho alibandikwa duara moja katikati ya kiganja, kama mtoto wa kubebwa. Idd mbili mfululizo duara hilo lilikuwa langu.

Zamu tuliipata kwa kurusha vifungo. Zuhura, ambaye baba yake alikuwa fundi wa kushona kanzu, alileta vifungo viwili vyeupe vilivyofanana kabisa, tukavipaka wino upande mmoja. Vikianguka vyote vyeupe, binamu yangu Mwanaisha ndiye wa kwanza. Vikianguka vyote vya wino, ni mimi. Kikiwa kimoja hivi na kingine vile, tuliita mchanganyiko, na mchanganyiko ulikuwa wa Zuhura. Kisha waliobaki walirusha tena mpaka wa pili apatikane. Mambo matatu, watu watatu, nani angelalamika? Lakini Zuhura alikuwa wa kwanza kila mara, na mimi nikaamini kwamba ana hirizi. "Hirizi gani? Ni nyota yangu tu," alikuwa akinijibu, akipitisha viganja vyake vyenye maua mbele ya pua yangu. Mwaka ule nikaamua kujitafutia nyota yangu. Nikaiba vifungo viwili kwenye kikopo cha mama, na kila mapumziko ya shule nikawa naketi kwenye ngazi nikivipulizia.

Hapo ndipo aliponikuta Mwalimu Mwikali. Alikuwa mama wa bara, Mkristo, mumewe akifanya kazi bandarini, na kila asubuhi alitembea kutoka Mbaraki kuja kutufundisha hesabu darasa la tano. "Fatuma, unavipulizia nini vifungo?" akauliza. "Navisomea dua, Mwalimu, Idd hii nisiwe wa mwisho." Hakucheka. Aliketi ngazini kando yangu na sketi yake iliyopigwa pasi vizuri, akataka nimweleze mchezo wote tangu mwanzo, akaniuliza hata piko ni nini. Nilipomaliza akasema, "Dua ni yako, siiingilii. Vifungo niazime."

Siku ya pili alikuja na mfuko mzima wa vifungo. Akatugawa wawili wawili, turushe na kupiga vijistari daftarini. Kabla hatujaanza alituuliza tunatarajia nini, na darasa zima likaitikia kwamba kila jambo litapata sehemu sawa. Baada ya dakika chache darasa lilikuwa na kelele kama sokoni, vifungo vikibingirika chini ya madawati, na kila daftari likionyesha jambo lilelile: vijistari vya mchanganyiko vimejaa, karibu nusu ya vyote. "Vifungo hivi vina jini!" mtu akapiga kelele. Mwalimu akachukua kifungo kikubwa cha koti na kidogo cha shati, akavishika juu tuvione. "Sasa niambieni polepole. Mchanganyiko unaweza kuja kwa njia ngapi?" Nikavitazama. Kikubwa cheupe na kidogo cha wino. Kikubwa cha wino na kidogo cheupe. Vifungo vyetu vilifanana mno, ndiyo maana hatukuwahi kuona kwamba hizo ni njia mbili. Nikanyoosha mkono karibu niteguke bega. "Basi njia zote ni nne, kama nyumba nne kichochoroni," akasema Mwalimu nilipojibu. "Wewe na Mwanaisha mna moja moja. Zuhura ana mbili."

Zuhura na Mwanaisha walikuwa darasa la sita, hawakuyasikia hayo. Nami, nisikufiche, sikuwaambia. Siku ya hina ilipofika nilisema tu, kama mtu asiyejali, "Leo mchanganyiko nachukua mimi." Zuhura akacheka. "Chukua, mwanangu. Mimi nyota yangu haijui vifungo." Akajichukulia vyote vya wino, vilivyokuwa vyangu, akarusha. Wino na wino. Nikarusha na Mwanaisha kutafuta wa pili. Vyeupe vyote viwili! Mimi na nyumba zangu mbili, wa mwisho mara ya tatu.

Alasiri nilipoketi mkekani machozi yalinitoka, na Bi Maimuna akasitisha mkono. "Walilia nini wewe, na kesho Idd?" Nikamweleza yote mbele ya wenzangu, hata nilivyowaficha, nikipanga vifungo mkekani kimoja kimoja. Zuhura aliinama akatazama kwa muda mrefu. "Kumbe miaka yote nilikuwa na mbili!" Bi Maimuna akanitikisia kichwa. "Na wewe ulitaka kuwapunja, vifungo vikakukataa. Nusu ya nyumba si zote, bibi. Haya, tengenezeni mchezo wa haki, nami nitakuchorea ua moja." Basi tukautengeneza palepale: kifungo kikubwa na kidogo, nyumba moja kwa kila mtu, na ile ya nne ikitokea, turushe tena. Idd iliyofuata Zuhura alikuwa wa kwanza tena, kwa haki kabisa, wala hakuna aliyetaja hirizi.

Siku hizi hina huuzwa tayari kwenye koni, na binti yangu hupiga simu akapangiwa saa yake. Maua yake yanapendeza kuliko ua langu lile moja, nakiri. Lakini juzi aliniambia kwamba mtihani ama atapita ama ataanguka, kwa hiyo ni nusu kwa nusu. Nikacheka kusikia kosa letu lilelile la kuhesabu mambo badala ya njia, nikaenda kuchukua kikopo cha vifungo. Nawe tafuta viwili, kikubwa na kidogo, upake wino upande mmoja wa kila kimoja. Andika kwanza unachotarajia. Kisha virushe mara arobaini, upige kijistari kila mara, na usivipulizie.